Njia imefunguka au bado? Jibu kwa mama wa kisiwa cha Ukara anayetaka kujipima mwenyewe

*Shikamoo mama. Mimi niko Ukara, kisiwani Ziwa Victoria, mimba yangu ni ya tatu na nesi ameniambia nimefika wiki 37. Mtoto wa kwanza, uchungu ulichukua siku nzima na usiku wake. Wa pili nilianza kuumwa nikiwa natoa vyombo vya chakula cha jioni, na kabla ya saa sita usiku nilikuwa nimeshajifungua, nusura nizalie njiani. Sasa naogopa huyu wa tatu atanikuta nyumbani. Wifi yangu anasema mtu anaweza kujipima njia kwa kidole, akiona imefunguka ndipo anaondoka. Nimejaribu mara moja, nikahisi kitu kama shimo na kidole kikaingia kidogo. Je, ndiyo nimefunguka? Na nijipime vipi ili nisiondoke mapema mno wala nisichelewe?*

Marahaba mwanangu, na pole kwa hofu. Nianze na hilo shimo, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Kwa unavyoeleza, hiyo si dalili kwamba uchungu umekaribia. Kwa mama aliyekwisha kuzaa wawili, ncha ya kidole kuingia wiki ya 37 ni jambo la kawaida, na wengine hukaa hivyo wiki mbili au tatu.

Tunauita mlango wa kizazi, lakini umbo lake ni la korido fupi. Una mdomo wa nje unaotokeza ukeni, na mdomo wa ndani unaopakana na chupa aliyomo mtoto. Mlango ambao haujaanza kufupika una urefu wa sentimita 3 hadi 4 hivi, na katikati umezibwa na ute mzito unaozuia vijidudu visipande juu. Kwa mwanamke ambaye hajawahi kuzaa, mdomo wa nje ni kitundu kidogo cha mviringo. Ukishapitisha mtoto haurudi kuwa vile tena. Unabaki kama mkato wa mlalo, umelegea, na mimba inapokua unalegea zaidi. Kidole chako kimekutana na huo mdomo wa nje. Habari unayoitafuta iko kwenye mdomo wa ndani, na huo hukuufikia.

Na kuufikia peke yako, mwezi wa tisa, ni kazi ngumu kuliko wifi yako anavyodhani. Kabla uchungu haujaanza, mlango huwa umeelekea nyuma, upande wa mgongo. Mkunga anapompima mama aliyelala chali, anaingiza vidole viwili kwa urefu wake wote, kisha anavielekeza chini na nyuma, na mara nyingi mama hukunja uso kwa sababu ni mbali kweli. Wewe unayejipima, mkono wako unapita kando ya tumbo kubwa, kidole ni kimoja, na kwa jinsi kiungo kinavyojikunja kinaelekea mbele, mahali ambapo mlango haupo. Mikunjo ya uke inaweza kukudanganya. Choo kigumu kilichojaa nyuma kinaweza kukudanganya. Na kuna kosa moja ambalo hata wanafunzi wetu hulifanya: kichwa cha mtoto kikiwa kimeshuka, sehemu ya chini ya kizazi hutanuka na kuwa nyembamba kama shuka iliyovutwa juu ya kichwa. Mpimaji anagusa kichwa kigumu cha duara, hasikii ukingo wowote, anatangaza mama amefunguka yote. Kumbe mlango uko nyuma, umefungwa, na bado haujafunguka hata kidogo.

Sisi wakunga tulijifunza kwa matundu yaliyochongwa kwenye ubao, kila tundu na kipimo chake. Unafumba macho, unaingiza vidole viwili, unavitanua, unataja sentimita. Ilichukua miezi kabla vidole havijaanza kusema kweli. Hata leo, mkunga mzoefu na daktari mzoefu wakimpima mama yuleyule kwa kupishana dakika chache, mmoja anaweza kuandika 4 na mwingine 5. Tena hao wanasikiliza mambo mengi kwa wakati mmoja: mlango ni mgumu kama ncha ya pua au umelainika kama midomo, umebaki mrefu au umekuwa mwembamba, umeelekea nyuma au umekuja mbele, na kichwa kimeshuka kiasi gani kwenye nyonga. Mambo hayo manne, pamoja na sentimita za kufunguka, ndiyo daktari wa Marekani, Edward Bishop, aliyaweka kwenye alama zake mwaka 1964. Zinajumlishwa hadi 13, na mama mwenye 8 au zaidi huhesabiwa kuwa mlango wake uko tayari. Lakini alama hizo zilitengenezwa ili kuamua nani anafaa kuanzishiwa uchungu hospitalini.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wifi yako. Hata kama ungekuwa na vidole vya mkunga wa miaka 20, kidole kinaeleza mlango ulivyo sasa hivi. Wewe unataka kujua lini. Mama aliyefungwa kabisa asubuhi anaweza kunyonyesha jioni. Mama aliyefunguka sentimita 3 anaweza kwenda sokoni, kufua na kupika kwa wiki mbili zaidi. Nimewaona wote wawili mara nyingi mno kiasi kwamba siku hizi mama wa wiki 37 asiye na uchungu akiniomba nimpime "nijue tu", namwuliza kwanza jibu atalifanyia nini. Hata tarehe ya kliniki yenyewe inakosea: ni watoto 4 au 5 tu kati ya 100 wanaozaliwa siku ileile iliyoandikwa.

Ninachokiogopa zaidi kwako si wewe kudhani umefunguka. Ukidhani hivyo utaondoka mapema, utakaa kwa ndugu, hakuna kilichoharibika. Ninaogopa siku kidole kitakaposema "bado". Niliwahi kumpokea mama kutoka mwalo mmoja wa wavuvi, mimba yake ya nne. Alikuwa ameumwa tangu alfajiri, maumivu yanakuja na kwenda, na mama mmoja wa jirani alimpima mara tatu akimwambia njia haijafunguka, alale. Walipoamua kutafuta mtumbwi jua lilikuwa limeshapanda, na mtoto alizaliwa katikati ya maji, mama amekalia nyavu. Mtoto yule aliishi. Alifika kwetu wa baridi, na ilichukua muda mrefu kifuani kwa mama yake hadi vidole vyake vikarudi kuwa vyekundu. Uchungu ulikuwa umemwambia mama ukweli tangu alfajiri, kidole cha jirani kikaupinga, akakiamini kidole.

Kuhusu madhara, sitakutisha kwa uongo. Kule kujigusa mara moja hakukumdhuru mtoto wako, kwa hiyo usikae unajilaumu. Ila kuna hali ambazo kidole hakitakiwi kuingia kabisa, na mtu aliye nyumbani hawezi kuzijua zote.

Ya kwanza ni kondo la nyuma kukaa chini na kuuziba mlango. Mama wa namna hii anaweza kuwa hana dalili yoyote hadi siku damu itakapotoka, nyekundu, mara nyingi bila maumivu. Kidole kikipenya pale kinaweza kubandua kondo, na damu inayofuata ni nyingi kwa namna ambayo hata hospitali yenye chumba cha upasuaji inahangaika nayo. Ndiyo maana sisi wenyewe, mama akija anatoka damu, hatumpimi njia mpaka tujue kondo liko wapi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apigwe utrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Najua visiwani wengi hawajaipata. Kama wewe ni mmoja wao, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuacha kujipima.

Ya pili ni chupa ikipasuka. Maji yakishatoka, ule ulinzi umeondoka, na kila kidole kinachoingia kinasukuma vijidudu juu kwa mtoto. Hospitalini tunavaa glovu safi na bado tunajizuia: kwa mama ambaye mambo yake yanakwenda vizuri, kumpima kila baada ya saa 4 kunatosha. Mikono iliyonawia maji ya ziwani, yenye kucha, haina nafasi hapo. Maji yakitoka, angalia saa, angalia rangi, vaa pedi au kitambaa safi, ondoka. Usijipime wala usikutane na mumeo.

Niongeze hili kwa sababu ya tunakoishi. Kama uliwahi kulima mpunga kwenye majaruba au kuoga kwenye madimbwi ya bara, huenda ulipata kichocho cha mkojo. Mayai yake yanaweza kujificha kwenye mlango wa kizazi na kuacha vidonda vinavyotoa damu vikiguswa. Wengi huona aibu kukitaja, wakidhani wataonekana wana ugonjwa wa zinaa. Mtajie nesi. Dawa ipo, ni prazikwanteli, na mjamzito aliyevuka miezi mitatu ya kwanza anaweza kupewa.

Sasa turudi kwenye saa, maana ndiyo itakayokusaidia.

Uchungu wa uongo unakuja bila mpangilio. Unakaza tumbo zaidi kwa mbele, unapungua ukioga maji ya uvuguvugu, ukinywa maji, ukilala ubavu au ukitembea kidogo. Wa kweli haujali umefanya nini. Mara nyingi unaanzia kiunoni na kuzunguka mbele, unarudi kwa zamu, na kila zamu inakaribia ile iliyotangulia na kuuma zaidi. Hesabu tangu maumivu yanapoanza hadi yanapoanza tena, si tangu yanapoisha. Mwambie mumeo aandike kwenye karatasi au kwenye simu, kwa sababu ukiwa na maumivu dakika 8 na dakika 15 ni kitu kimoja. Ute wenye michirizi ya damu ukitoka, mlango umeanza kubadilika, ila wengine huuona siku kadhaa kabla ya uchungu. Ute huo ukija pamoja na maumivu yenye zamu, usibishane nao.

Mama wa mjini, mimba ya kwanza, anayekaa umbali wa bodaboda tu kutoka hospitali za Mwanza, Bugando au Sekou Toure, naweza kumwambia asubiri maumivu yafike kila baada ya dakika 5. Kwake ni busara, maana mlango wa mara ya kwanza hujikunja na kuwa mwembamba kabla ya kufunguka, na saa hizo za mwanzo ni nyingi. Ushauri huo si wako. Mlango wako utalainika na kufunguka kwa pamoja. Ndugu huwa wanatuuliza mlangoni mwa leba, "Nesi, njia sentimita ngapi?", wakidhani kila saa ni sentimita moja. Hesabu hiyo ilitokana na mchoro ambao Philpott na mwenzake Castle waliutoa mwaka 1972, kwenye nchi inayoitwa leo Zimbabwe, na uliokoa wengi kwa kuwaonyesha wakunga ni lini wampeleke mama hospitali kubwa zaidi. Lakini mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema uchungu wa kasi uhesabiwe kuanzia sentimita 5, na kwamba miili haifuati saa kwa usawa. Aliyewahi kuzaa anaweza kuchukua hadi saa 10 kutoka hapo na akawa salama. Mwingine, kama wewe, anamaliza kabla chai haijapoa.

Uzao wako wa pili ulichukua saa 4 au 5. Mimi huwaambia akina mama wa aina yako wapange kana kwamba safari hii itachukua nusu yake. Tuseme saa 2. Chukua saa hizo uziweke juu ya ramani yako: kutoka nyumbani hadi Bwisya, kusubiri kivuko, kuvuka hadi Bugorola upande wa Ukerewe, kisha barabara hadi hospitali ya wilaya Nansio. Na kivuko kina ratiba yake, na ziwa likichafuka hakuna wa kulibembeleza. Hesabu hiyo haitoshi hata ungejua sentimita zako kwa uhakika wa daktari. Ndiyo maana sikufundishi kujipima. Ungejipima vizuri kabisa na bado ungechelewa.

Kwa hiyo swali lako linageuka kuwa la mahali pa kulala. Chukua kadi yako ya kliniki ukae na nesi. Kama mimba hii haina tatizo lolote, kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kukuzalisha, na inatosha kulala kwa mtu anayeishi jirani nacho kuanzia wiki ya 38, uondoke kwake mara tu maumivu yatakapoanza kuwa na zamu, hata yakiwa kila baada ya dakika 15. Usingoje yaume sana. Lakini kama uliwahi kufanyiwa upasuaji, ulitoka damu nyingi baada ya uzazi uliopita, presha imepanda, damu iko chini, mtoto amekaa vibaya, ni mapacha, au haijulikani kondo liko wapi, basi uwe Nansio wiki ijayo, au palipo na chumba cha upasuaji. Uliza kama kuna nyumba ya kusubiria wajawazito, ile ambayo wengine huiita chigonela. Najua una watoto wawili wa kuacha na mume anayehitaji kula. Hilo si dogo, na ndilo la kuzungumza na wifi yako. Akae na watoto wako wiki hizo mbili. Huo ndio msaada wake mkubwa kwako.

Kuna jambo moja wanawake hawaniulizi ila wanalifanya. Mtu akishajipima na kuona "bado", hatua inayofuata ni kutafuta cha kufungua: mizizi ya kuchemsha, au vidonge vya kuongeza uchungu vinavyonunuliwa kimyakimya. Kwako ni hatari kuliko kwa wengine. Kizazi kilichobeba mimba kadhaa kikilazimishwa kukaza bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, na kizazi chenyewe kinaweza kuchanika. Mtu akikuletea, mkatalie.

Pasipo kuhesabu dakika zozote, ondoka ukiona damu mbichi, maji ya kijani au yenye harufu, kichwa kinachouma sana huku macho yakiona giza, au mtoto akipunguza kucheza. Na kama maji yakitoka ukaona au ukahisi kamba ya kitovu imetangulia, piga magoti, weka kifua chini na makalio juu, ukae hivyo hadi ufike, hata kama watu wote wa kwenye boti wanatazama.

Ikitokea mtoto amewahi, anayekusaidia asimvute na asikubanie miguu. Amkaushe mara moja kwa kanga safi, amweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi, awafunike wote wawili, kichwa cha mtoto pia, maana upepo wa ziwani unampoza mtoto haraka sana. Kitovu kisikatwe kwa wembe wa kwenye boti. Kiachwe kama kilivyo mpaka mfike. Kondo lisivutwe. Likitoka lenyewe liwekwe kwenye mfuko, mfuko ukae kando ya mtoto, nanyi mwende kituoni hivyo hivyo.

Kuna namba ya bure, 115, ya mfumo wa m-mama wa kumsafirisha mama mwenye dharura, mfumo ambao ulianzia majaribio huku kwetu, Sengerema na Shinyanga. Kliniki yako ijayo, mwulize nesi unavyofanya kazi kwenu kisiwani na nani anapaswa kupiga, wewe au kituo. Na mumeo azungumze na mwenye boti wiki hii, si siku hiyo: bei ijulikane, mafuta yawekwe pembeni, na namba yake iwe kwenye simu tatu, yako, ya mumeo na ya wifi yako.